Mwalimu Aliyekaa: Habari za Bruda Colm O'Connell wa Iten

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga. Tumeichapa kama ilivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu mlio kazini na mliostaafu, ndugu zangu wa madarasa yote, na ninyi wanafunzi wa leo mliotuachia viti vyenu mkasimama kule nyuma:

Natoa shukrani kwa Kamati kunipa heshima hii. Barua ya Kamati ilinitaka niseme juu ya "Michezo na Malezi Shuleni". Hotuba za kichwa hicho tumezisikia nyingi. Michezo hujenga afya, michezo huleta undugu, michezo humwondolea kijana uvivu. Yote hayo ni kweli, lakini hayamlazimu mtu kupanda basi hadi Sumbawanga katika baridi hii kuja kuyarudia. Kwa hiyo, kwa ruhusa yenu, nitasimulia habari za mtu mmoja tu, mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari iliyoko mbali na miji mikubwa kama yetu. Kisha nitaeleza kwa nini naona habari zake zinahusu ajenda yetu ya mchana.

Mtu huyo ni Bruda Colm O'Connell. Alizaliwa Ireland mwaka 1948, akajiunga na shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1976 alipelekwa Kenya kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya bweni ya St Patrick's, mjini Iten. Sisi wa Ufipa tunawajua mabruda. Tumewaona wakijenga makanisa, wakiranda mbao, wakitengeneza mashine za kusaga. Bruda wa kukimbiza watu hatukumzoea, na kwa hakika hata yeye hakuja kwa kazi hiyo. Hakuwahi kuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha. Alikuja na chaki na ramani.

Pale shuleni alimkuta Mwingereza kijana aliyeitwa Peter Foster, mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akisimamia riadha. Huyo alikuwa ndugu wa Brendan Foster, aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 huko Montreal mwaka huohuo wa 1976. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Foster alipomaliza muda wake na kurudi kwao, filimbi ilibaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Hivyo ndivyo ukocha wake ulivyoanza. Alibaki akiwa mtu aliyekuwapo, na wanafunzi walikuwa wanangoja.

Na tukumbuke wakati wenyewe ulikuwaje. Kenya haikushiriki Olimpiki ya 1976, kwa sababu ya mgogoro wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Tanzania nayo haikushiriki kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya Bruda Colm pale Iten ilikuwa miaka ambayo kijana wa Kenya, hata angekuwa na mbio namna gani, hakuwa na Olimpiki ya kwenda. Mtu mwenye haraka angekata tamaa. Yeye aliendelea kupiga filimbi asubuhi, na baada ya masomo akaipiga tena.

Matunda yalikuja polepole, kisha yakaja kwa wingi. Ibrahim Hussein, aliyesoma St Patrick's, alishinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na akashinda Boston mara 3, mwaka 1988, 1991 na 1992. Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono, kijana mfupi wa miaka 21 ambaye wengi hawakuwa wamemtia katika hesabu, aliwaongoza wakubwa wa mita 1,500 hadi utepe. Mwaka 1992 Matthew Birir alipata dhahabu ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji huko Barcelona. Wilson Kipketer, aliyekuja kuikimbilia Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995, 1997 na 1999, na mwezi Agosti 1997 akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 41.11.

Mwaka 2010 rekodi hiyo ilivunjwa, na aliyeivunja ni David Rudisha, kijana wa Kimasai ambaye naye alilelewa na Bruda Colm palepale Iten. Yaani rekodi ya dunia ilitoka kwa mwanafunzi mmoja wa mwalimu yule ikaenda kwa mwanafunzi wake mwingine. Tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, Rudisha aliongoza mwanzo hadi mwisho akakimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka 2016 alipata dhahabu nyingine huko Rio de Janeiro. Siku ile ya London kocha wake hakuwa uwanjani. Alikuwa nyumbani Iten, akiangalia kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Wala hakuwaacha wasichana. Shule yake ilikuwa ya wavulana, lakini mwaka 1989 alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo, na wasichana wa shule za jirani wakaingia. Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 huko Osaka, alipita mikononi mwake.

Ndugu Mwenyekiti, mtu akisikia orodha hii huuliza mara moja: siri yao nini? Wengine husema ni maji ya Iten, wengine husema ni ugali, na wengine hunong'ona habari za dawa za kienyeji. Sisi ni watu wa mji ambao jina lake, kama wazee wanavyotufasiria, ni amri ya kutupa uchawi. Hatuna ruhusa ya kwenda kuutafuta Iten.

Mwaka 2019 nilipata safari ya kikazi iliyonifikisha Eldoret, na siku ya mapumziko nikapanda gari hadi Iten. Sikubahatika kuonana na Bruda, lakini nilitembea. Ni mji mdogo, ulioko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ukuta wa Bonde la Ufa. Unasimama pale unatazama chini Bonde la Kerio, joto, miti ya miiba, mbuzi. Nilishtuka, maana nilihisi nimesimama nyumbani. Hapa kwetu nasi tunakaa juu, mita zipatazo 1,800, na milima ya Mbizi huinuka hata kupita 2,300. Tukiteremka upande mmoja tunaikuta Rukwa na joto lake, na tukiteremka upande wa pili tunaikuta Tanganyika na migebuka yake. Ni Bonde lilelile la Ufa, mkono wake mwingine. Baridi ni ileile, na barabara za vumbi na watoto wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule ni walewale.

Asubuhi saa 12 niliona vijana wakipita makundi kwa makundi. Nilitegemea kuona watu wanakimbizana. La hasha. Walikuwa wanakimbia polepole, wakizungumza, mwendo ambao hata mimi na kitambi hiki ningeufuata walau hadi kona. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba hiyo ndiyo desturi, kwamba kijana haharakishwi. Ndivyo Bruda Colm anavyojulikana kufundisha: mwili ukae sawa kwanza, mabega yalegee, mikono iende vizuri, mguu utue vizuri, na kasi itakuja kwa wakati wake. Mwenda pole hajikwai. Wengi hapa mnakumbuka mchakamchaka wetu wa alfajiri, viranja wakitufukuza kwa fimbo hadi barabarani na kuturudisha tumepauka vumbi. Tulikimbia sana, ila hakuna mtu aliyetutazama tunakimbiaje.

Ndani ya shule ya St Patrick's kuna miti. Mwanafunzi wa pale akiwa bingwa hupanda mti, na jina lake huandikwa hapo. Nikipita kati ya miti ile nilifikiri kwamba mti wa kwanza na wa mwisho vimeachana miaka mingi, lakini kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mwalimu wa mazoezi alikuwa mtu mmoja.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, nataka nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Bruda aliwapa Wakenya miguu. Miguu walikuwa nayo. Kabla yake shule hiyohiyo ilikuwa imemtoa Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972. Wala Tanzania haikukosa miguu. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bendeji. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, na mwaka 1980 huko Moscow yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha. Na mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, akampita Mjerumani kwa kifua tu kwenye utepe. Tazama wanakotoka wengi wao: Mbulu, Karatu, Singida. Ni nchi za juu kama hii yetu. Katika orodha hiyo Ufipa haimo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Walikuwa wafua chuma. Mabaki ya matanuri yao makubwa ya udongo, malungu, yaliyopita kimo cha mtu, bado yanaonekana katika vijiji vyetu. Lakini chuma kilichotoka katika malungu hakikuwa jembe. Kilikuwa kigumu cha ovyo, kimechanganyika na takataka. Kilipelekwa katika tanuri dogo, vintengwe, kikachomwa tena kwa mivukuto, mtu akikaa karibu na moto akiangalia. Hapo ndipo kikafaa kufuliwa. Malungu tunayo hata sasa: baridi, miinuko, na watoto wanaotembea kilomita nyingi kila siku. Tunachokosa ni tanuri dogo na mtu wa kukaa karibu nalo.

Nasema kukaa, na hilo ndilo neno langu la leo. Nilipoingia kidato cha kwanza hapa mwaka 1995 nilimkuta mwalimu wa michezo. Hadi namaliza kidato cha nne tulikuwa tumepata watatu. Kila mmoja alikuwa mtu mzuri, na kila mmoja alianza upya. Wa kwanza alipenda riadha, wa pili mpira wa miguu, wa tatu wavu. Nasi tukawa kila mwaka wanafunzi wa mwanzo.

Sasa nifike mahali pagumu. Ninyi mnajua kazi yangu ni ya utumishi. Maombi ya uhamisho hupita mezani kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya ambayo sitaitaja, yalikuja maombi ya mwalimu mmoja. Alikuwa amekaa katika shule yake miaka 4, na kwa hiari yake alikuwa akifundisha mbio. Watoto wake wawili walikuwa wamefika UMISSETA ngazi ya taifa. Sababu aliyoiandika ilikuwa fupi: hana nyumba. Alikuwa amepanga chumba mbali na shule, na mke na mtoto wako mkoa mwingine. Maombi yalikuwa halali kabisa, na mimi nikapendekeza akubaliwe. Kwa hilo sijuti, maana mtu ana haki ya kuishi na familia yake.

Lakini pamoja na barua alikuwa ameambatisha karatasi 2 za daftari, zimeandikwa kwa mkono. Zilikuwa na majina ya wanafunzi 23, umri wao, na muda wa kila mmoja wa mita 800 na 1,500 kwa mihula 3. Pembeni alikuwa ameandika maneno mafupi: huyu anakunja mabega, huyu asiharakishwe bado anakua, huyu nyumbani hapati chakula cha mchana. Mimi nikachukua karatasi zile, nikazitoboa, nikazifunga kwenye jalada pamoja na barua, nikaandika namba ya folio, na jalada likarudi masjala. Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa.

Ilipita kama miaka 2 ndipo nikapata safari katika shule ile kwa jambo jingine. Nikauliza juu ya wakimbiaji. Mwalimu aliyekuwapo alinitazama kwa mshangao, akaniuliza: "Wakimbiaji gani, mzee?" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba karatasi zile hazikuwa za jalada. Zilikuwa za mwalimu atakayekuja. Yule bwana hakuwa na mtu wa kumwachia, akatuachia sisi, nasi tukazihifadhi vizuri mno. Watoto 23. Sijui kama yule wa kukunja mabega alipata mtu mwingine wa kumwambia.

Ndugu zangu, kuna atakayesema kwamba Bruda Colm aliweza kukaa kwa kuwa ni bruda. Hana mke wa kumfuata, hana watoto wa kuwalipia ada, na shirika lake limempa dari ya kulala na meza ya kula. Nakubaliana naye moja kwa moja. Ndiyo hoja yangu yenyewe. Yule mtu alipewa mahali pa kukaa, akakaa. Moyo alikuwa nao, lakini na nyumba alikuwa nayo. Sisi tunamtaka mwalimu wetu awe na moyo wa bruda, halafu tunampangisha chumba mtaani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija akakosa pa kulala, mwenyeji ataponaje?

Ajenda yetu ya mchana ina pendekezo la Kamati kwamba fedha tulizochanga tangu mkutano uliopita zijenge lango jipya la shule, lenye jina la umoja wetu na majina ya wachangiaji. Sina ugomvi na lango. Iten nako kuna lango kubwa barabarani, linalomwambia mgeni kwamba anaingia nyumbani kwa mabingwa. Mimi mwenyewe nilipiga picha chini yake. Lakini pale mabingwa walitangulia, lango likafuata, na aliyetangulia wote ni mwalimu.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kwanza, fedha zile zijenge nyumba ya vyumba 2 na sebule ndani ya eneo la shule, kwa ajili ya mwalimu wa michezo na familia yake. Mafundi tunao miongoni mwetu, na tofali za kuchoma ni za hapahapa. Mkuu wa Shule ameniambia kwamba nafasi ya kiwanja ipo, nyuma ya bwalo. Pili, liwekwe daftari moja kubwa la michezo, ambalo ni mali ya shule na halitoki na mtu. Kila mwalimu ataandika humo jina, muda na maneno ya pembeni, na atakayemfuata ataanzia pale mwenzake alipoishia. Daftari la kwanza nitalinunua mimi, na nitalileta kwa mkono wangu, si kwa posta, wala si kupitia masjala.

Siwaahidi rekodi ya dunia. Huenda tukajenga nyumba na mwalimu akahama vilevile, maana uhamisho ni haki ya mtumishi, nami nitakuwa mtu wa mwisho kuuzuia. Huenda miaka 10 ikapita tusipate hata medali ya mkoa. Bruda Colm alianza 1976, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanafunzi wa shule yake ilikuja 1988. Hiyo ni miaka 12 ya kupiga filimbi. Swali ni kama mtoto anayeteremka leo kutoka Mbizi akiwa na viatu mkononi atamkuta mtu aliyemwona mwaka jana, anayekumbuka alikuwa anakunja mabega, na anayeweza kumwambia kwamba sasa anakwenda vizuri.

Ninyi wanafunzi mlioko nyuma, nimewachelewesha chakula. Nisameheni.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.